Sukuma Wiki: Kando ya Kitunguu au Kando ya Dania?

Kwa mwenye bustani ndogo jijini Nairobi, ambako vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea) huvamia sukuma wiki hasa mvua za Machi hadi Mei zikishakatika, kitunguu na dania husaidia kwa njia tofauti. Kitunguu hakihitaji nafasi kubwa, na harufu yake huweza kuwatatiza wadudu wanaotafuta majani ya kutua. Dania haina budi kuachwa itoe maua (jambo ambalo wapishi wengi hawalivumilii), kwa kuwa maua hayo huwavutia nzi fulani wenye mistari kama ya nyuki, ambao hutaga mayai karibu na vidukari ili mabuu yao yapate kuwala. Mimi ningechagua dania, nikivuna mashina mengi na kubakiza machache pembeni.