Hannya wangu hajui kulia

Nyota mbili kati ya tano, na moja kati ya hizo mbili ni ya boksi. Boksi lilikuwa zuri.

Nilimnunua Tokyo kwenye duka la zawadi jirani na stesheni, yeni 6,800. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni kinyago cha Noh, ile michezo ya jukwaani ya jadi ya Kijapani, na kimechongwa kwa mkono. Hannya ni yule mwanamke aliyeliwa na wivu mpaka akaota pembe mbili na meno ya mnyama. Mimi ni mtoto wa seremala, nilipaswa kushtuka palepale nilipokishika: kizito kama tofali. Usiku nikampigia baba Tanga, video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hebu kigeuze nione nyuma."

Nikakigeuza. Nyuma laini kama sahani. Mzee akakohoa kidogo. "Mwanangu, hiki hakijaguswa na patasi."

Nilimbishia. Kesho yake nikaenda Ukumbi wa Taifa wa Noh, mtaa wa Sendagaya, nikiwa bado nimenuna.

Mchezo ulikuwa Aoi no Ue. Huyo Aoi, mke mgonjwa wa Genji, mwana wa mfalme wa hadithi ya kale ya Kijapani, humwoni kabisa: ni kimono kilichokunjwa na kulazwa mbele ya jukwaa. Anayekuja kumdhuru ni roho ya Rokujo, mpenzi aliyetelekezwa. Kwanza anatoka na kinyago kingine, deigan, chenye rangi ya dhahabu kwenye weupe wa macho. Anapita kwenye daraja la kuingilia jukwaani akiburuza soksi, polepole mno. Mzee wa kiti cha jirani alisinzia na hakuna aliyemshangaa. Maneno yanatafsiriwa kwa Kiingereza kwenye kiskrini nyuma ya kiti cha mbele, nami niliyasoma dakika chache tu nikaacha.

Kisha akarudi akiwa Hannya. Kinyago kidogo kuliko uso wa mtu, kidevu cha mwigizaji kimetokeza kwa chini, kidevu cha mwanamume mzima. Nilitaka kucheka. Halafu akainamisha kichwa, labda upana wa vidole viwili. Kivuli cha paji kikashuka juu ya macho ya chuma, meno yakajificha, na yule shetani akawa analia. Akainua: meno yote nje. Mti ni uleule, haujasogea hata unywele! Wenyewe kule kuinamisha wanakuita "kutia wingu", na kuinua ni "kutia nuru". Ndiyo maana mchongaji huweka huzuni kwenye nyusi na ghadhabu mdomoni, ili mwanga uchague.

Na huyo aliyekivaa haoni karibu kitu, matundu ya macho ni madogo mno. Nguzo za jukwaa ndizo zinazomwonyesha asije akadondoka.

Kinyago cha kweli huchongwa kwa hinoki, mti mwepesi wenye harufu nzuri, kikakombwa nyuma mpaka kiwe chembamba. Hupakwa unga wa magamba ya chaza uliochanganywa na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, ndipo rangi ifuate. Vingine vina mamia ya miaka na bado vinapanda jukwaani. Wanavitunza kwenye mifuko ya hariri, na mwigizaji hukiinamia kinyago kabla ya kukivaa.

Niliporudi hotelini nikasimama na wangu mbele ya kioo cha bafuni. Nikamwinamisha: kakasirika. Nikamwinua: kakasirika. Upande: kakasirika vilevile. Nilipojaribu kumwinamisha zaidi akaniponyoka, pembe ya kulia ikakatika kwenye sinki. Ndani ni nyeupe pe, inaacha unga vidoleni kama chaki ya shule.

Ukitaka pambo la ukutani la bei hii, litakufaa. Ila usiambiwe ni la mkono, na kabla hujalipa kigeuze uangalie nyuma. Mimi pembe iliyobaki naning'inizia funguo. Baba sijamwambia.