Klampu ya mkanda kwenye ekzosi ya Forester yenye turbo: tathmini baada ya miezi saba

Subaru Forester yangu ya lita 2.0 yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi) iliingia Uganda kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na kabla haijanifikia mtu fulani alikuwa amelikata bomba la katikati la ekzosi, akaliunga tena kwa kuchomeka ncha moja ndani ya nyingine na kulibana kwa klampu ya bolti yenye umbo la U. Kiungo hicho kilinisumbua mwaka mzima. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilisikia mlio wa tak-tak chini ya sakafu ambao ulififia kadiri chuma kilivyopata moto, na pembeni ya kiungo palikuwa na mstari mweusi wa masizi uliorudi kila nilipoufuta.

Ubaya wa klampu ya U ni kwamba haibani bomba sawasawa pande zote. Huliminya mpaka linapoteza umviringo wake na kuchimbika mfereji, na baada ya hapo kuikaza zaidi kunaongeza tu ubonyevu, huku moshi ukiendelea kupenya pale ambapo chuma hakikugusana. Nilikazisha kiungo hicho mara tatu katika gereji mbili tofauti, na kila mara kilitulia kwa wiki chache tu.

Hatimaye nilinunua katika soko la Kisekka, Kampala, klampu pana ya mkanda ya chuma kisichoshika kutu, yenye bolti mbili, kwa bomba la milimita 63.5, yaani inchi mbili na nusu. Nililipa shilingi 60,000, ilhali klampu ya U iliuzwa 10,000 kwenye meza hiyo hiyo. Mkanda huu hulikumbatia bomba kwa mzunguko wake wote na mkazo wake husambaa, kwa hiyo hauliharibu umbo. Nimekwisha kuufungua mara moja na mabomba yaliachana bila nyundo.

Hata hivyo, nasisitiza kwamba klampu hii haiponyi bomba lililokwisha kuharibika. Fundi wangu alikata kwanza sehemu yote iliyominywa, akachomelea kipande kipya kilicho mviringo, akahakikisha kwamba ncha ya ndani imeingia milimita 50 hivi, akapiga tupa kingo na kusugua kutu mpaka chuma kikang'aa. Bomba la nje alilipasua nyufa fupi ili liweze kujifunga juu ya lile la ndani, na mkanda ukazifunika nyufa zote. Kisha, kabla ya kukaza chochote, alirudisha raba za kuning'inizia ekzosi mahali pake, kwa sababu bomba linalovutwa upande mmoja litakifungua kiungo chochote, hata kiwe kimefungwa kwa klampu ya bei gani. Naamini nusu ya mivujo tunayoilaumu klampu huanzia kwenye raba zilizochoka, hasa kwa barabara zetu zenye matuta. Bolti zilikazwa kwa zamu, kidogo kidogo.

Kasoro kubwa niliyoiona ni kwamba klampu iliuzwa bila karatasi yoyote ya kueleza kiasi cha kukaza, wala hakuna aliyeniambia kwamba lazima irudiwe kukazwa. Chuma hiki kisichoshika kutu hutanuka kuliko chuma cha kawaida cha bomba: kwa mzunguko wa milimita 200, joto likipanda nyuzi 400, tofauti hufika takriban milimita 0.4, hata kama vyote viwili vina joto sawa. Ndiyo maana siku ya pili kiungo kilianza tena kunong'ona. Tulikikaza upya gari likiwa limepoa, na tangu hapo kimetulia.

Ningependa pia kumwondolea msomaji tumaini lisilo na msingi. Kiungo changu kipo baada ya turbo, na kukiziba hakukuliongezea gari nguvu. Mvujo unaoinyima turbo msukumo ni ule ulio kabla ya gurudumu lake, ambako gesi hufika nyuzi 900 hivi, na huko klampu ya namna hii haifai kabisa. Panatakiwa flanji (sahani za kuunganisha mabomba kwa bolti) na gasketi ya chuma ya kuziba katikati yake. Nilichopata mimi ni utulivu na usalama, na sioni kwamba ni kidogo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nami huwapeleka watoto shuleni katika foleni ya Jinja Road, gari likiunguruma bila kusogea. Kwa mwenye mvujo ulio kabla tu ya sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi, kuna sababu nyingine: hewa ya nje hunyonywa ndani, sensa ikadhani mchanganyiko una petroli pungufu, na kompyuta ya injini ikaongeza mafuta yasiyohitajika.

Mwezi uliopita nilikwenda Kabale na kurudi, milima yote ile, gari likiwa limejaa. Kesho yake injini ikiwa baridi nilipaka maji ya sabuni kwenye kiungo, nikaiwasha na kumwomba kijana wa gereji azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde chache. Hapakutokea povu hata moja. Klampu ya pili, kwa ajili ya kiungo cha silensa ya nyuma, nimekwisha kuinunua.