Gorila wa impreshonisti: filta ao mkono?

Mi niko Bukavu, nachoraka gorila wa parke ya Kahuzi-Biega ku tablete kwa ule mtindo wa impreshonisti wenye mchoraji Monet na wenzake walionyesha Paris 1874. Filta, ile ya kugeuza foto kuwa mchoro yenyewe, iko mbio, sekunde tu, lakini inapaka kila mahali sawasawa, macho na majani inakuwa kitu kimoja, inaniuma sana juu uso njo roho ya picha. Kuchora na mkono mu Krita, programu ya bure, inakula masaa, ila weye njo unaamua: mistari mifupi ya burashi inafata manyoya, kivuli usiweke nyeusi, weka buluu na zambarau, utaona vile mgongo unaangaza! Filta naitumiaka kujaribia rangi mbele ya kuanza, basi.