Surviving Mars: mchezo wa mtunza stoo

Nimetunza stoo ya dawa kwa miaka kumi na moja. Mtoto wa kaka yangu alipoweka Surviving Mars kwenye laptopu yangu akaniambia, "Shangazi, hili geimu ni lako kabisa," nilidhani ananitania, maana mimi na mageimu wapi na wapi. Huu sasa ni mwezi wa tano, na kila nikishaosha vyombo usiku najikuta niko Mirihi nahesabu zege na vipuri.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa kompyuta wa kujenga koloni, yaani makazi ya watu, kwenye sayari ya Mirihi. Umetengenezwa na Haemimont Games wa Sofia, Bulgaria, walewale waliotengeneza Tropico 3 hadi 5, ukatolewa Machi 2018 na Paradox Interactive. Unachagua mfadhili, unapakia roketi, unatua kwenye jangwa jekundu. Droni, yaani roboti ndogo za kazi, ndizo zinazoanza kujenga: umeme, maji, hewa, kisha kuba la kuishi. Baada ya hapo unaita watu 12 wa kwanza, na wao lazima wamalize siku 10 za Mirihi wakiwa hai ndipo uruhusiwe kuleta wengine. Wapo wanaousifu kwa picha zake au kwa mafumbo yanayojitokeza katikati ya safari. Mimi nitazungumzia mizigo, kwa sababu huko ndiko mchezo huu ulikokaa.

Bidhaa zenyewe si nyingi, ila zimeshikana. Maji yakiingia kwenye kiwanda yanatoa mafuta ya roketi. Mafuta na maji yakichanganywa yanatoa polima. Chuma kinatoa vipuri vya mashine, madini adimu yanatoa elektroniki. Madini adimu hayohayo ndiyo unayoyauza Duniani upate fedha za kuagizia, lakini roketi hairudi Duniani bila mafuta. Kwa hiyo siku maji yakipungua, usidhani ni kiu tu inayokuja. Ni polima, ni roketi, ni fedha. Nilipouelewa mnyororo huo niliacha kuangalia kila bidhaa peke yake.

Halafu kuna usafirishaji. Droni moja inabeba kitu kimoja kwa safari moja. Kimoja! Ukitaka zege 80 za kujengea kuba, hizo ni safari 80. Na kila droni iko chini ya kituo chake, na kituo kina mzunguko wake, yaani eneo ambalo droni zake zinafika. Mzigo uliopo nje ya mzunguko huo, hata kama unauona kwa macho, kwa droni zile haupo.

Hilo nililijua kwa maumivu. Koloni langu la pili lilikuwa limenawiri, kuba mbili, mashamba yanazaa. Maji nilikuwa nayapata kwa njia mbili: mitambo inayonasa unyevu wa hewani, iliyo karibu na nyumbani, na mtambo mmoja wa kuvuta maji ardhini, uliokuwa mbali magharibi ukiwa na kituo chake cha droni. Ikapiga dhoruba ya vumbi. Dhoruba ikipiga, mitambo ya unyevu inasimama yote, hivyo wote tukabaki tunautegemea ule wa ardhini. Siku ya pili ya dhoruba nao ukaharibika, vumbi limeujaa, unadai vipuri.

Nikaangalia juu ya skrini: vipuri 26. Nikatulia, nikijua droni zitatengeneza. Nikaongeza mwendo wa saa. Baada ya muda nikaona tangi la maji limeshuka chini ya nusu na mtambo bado una alama nyekundu. Nikasogea karibu. Droni sita za kituo cha magharibi zimesimama mchangani, hazina kazi. Vipuri vyote 26 vilikuwa kwenye stoo ya pembeni mwa kiwanja cha roketi, upande wa mashariki, nje ya mzunguko wao. Kuagiza vingine haikuwezekana, kwa sababu roketi haitui wakati wa dhoruba.

Kilichoniokoa ni gari la mizigo, ambalo halifungwi na mzunguko wa kituo na linabeba vitu 30 kwa mara moja. Nililipeleka mashariki, likapakia, likaanza kukata jangwa kwenda magharibi huku namba za tangi zinashuka. Sikupunguza mwendo wa saa wala kuongeza. Nilikaa nalitazama tu. Lilipomwaga vipuri, droni ya kwanza ilichukua kimoja ikaingia kwenye mtambo, na maji yakaanza kupanda yakiwa yamebaki kidogo sana. Shamba moja lilikauka. Watu wote walipona.

Kwenye kazi yangu jambo hili nalijua vizuri. Leja inaweza kusema dawa ipo, na ikawa kweli ipo, ila iko kwenye chumba ambacho mwenye funguo amesafiri. Mgonjwa wa kitanda cha tatu hatibiwi na leja. Sijawahi kuona mchezo wala semina iliyonionyesha jambo hili waziwazi namna hii.

Tangu siku ile napanga tofauti. Stoo ya mchanganyiko inabeba 30 za kila bidhaa, ya bidhaa moja inabeba 180, na kila stoo unaweza kuiwekea kiwango unachotaka kikae pale muda wote. Wengi wanakipuuza kile kitufe. Msikipuuze, ndicho kiwango cha chini cha kuagiza kwa lugha yetu ya stoo. Kila kituo cha mbali nakiwekea stoo ndogo ya mchanganyiko, kiwango kidogo tu, vipuri na elektroniki visikosekane. Stoo kubwa naziweka pale mizunguko ya vituo viwili inapopishana, droni za huku zinaweka, za kule zinachukua. Baadaye ukifanya utafiti unapata vyombo vya kuruka vinavyobeba vitu vitatu kila kimoja na kuvuka koloni zima, lakini navyo vinakunywa mafuta, na mafuta ni maji. Usivikimbilie kabla visima vyako havijasimama.

Jambo lingine ni vipaumbele. Kila jengo unaweza kulipandisha juu ili droni zilihudumie kwanza. Mwanzoni nilipandisha karibu kila kitu. Matokeo yake droni zilizunguka vilevile kama hakuna kilichopandishwa. Sasa napandisha maji na hewa, basi.

Kasoro kubwa niliyoiona ni ile hesabu ya juu ya skrini. Inajumlisha koloni zima. Ningependa sana nione kwa kila kituo kina nini na kitaishiwa lini, kwa sababu jumla ndiyo iliyonidanganya siku ya dhoruba. Mpaka leo nazunguka mwenyewe kila siku ya Mirihi kukagua stoo moja baada ya nyingine. Pia hakuna Kiswahili, na maandishi ni mengi. Anayeanza akae na mtu wa kumsaidia wiki ya kwanza. Nyongeza zake si lazima, kwa mambo haya ninayoyasema mchezo wa msingi unatosha. Subiri punguzo la bei, huwa linakuja. Uzuri mwingine ni kwamba unacheza peke yako, kwa hiyo ukishaushusha hauli bando.

Anayeanza achague mfadhili wa kimataifa, yule mwenye fedha nyingi, na kwenye roketi ya kwanza apakie vipuri na elektroniki kuliko anavyodhani vinahitajika. Viwanda vya kuvitengeneza vinachelewa sana kusimama, na mitambo inayovihitaji inaanza kuharibika mapema.

Koloni langu la sasa liko siku ya 71. Kuna kisima kipya nataka kukichimba kusini, na kabla droni hazijagusa udongo nimeshapeleka gari na vipuri kumi.