Ngazi ya fibaglasi ya futi 20: nimeipanda miezi 6, haya ndo niliyoyaona

Haya jamani karibuni tena, ile ngazi mliyoniuliza sana leo iko hapa mbele yenu, ya fibaglasi, vipande viwili, ya kuvuta kwa kamba, na nimefanyia kazi za umeme miezi 6 mfululizo.

Kwanza hiyo futi 20 isikudanganye, vile vipande lazima vipishane kama futi 3 hivi, kwa hiyo unabakiwa na 17. Lebo inasema inabeba kilo 136, na hapo hesabu wewe, viatu, mkanda wa zana na drili yako, siyo mwili peke yake. Nzito kuliko alumini, bega litakuuma, ila kwa fundi umeme mimi sina mjadala kabisa, alumini inapitisha umeme, ukigusisha waya wenye moto ndo basi tena. Fibaglasi haipitishi, ilimradi iwe safi na kavu, ikilowa au ikijaa tope usiiamini.

Sasa shida yake, ngoja nisogeze kamera huku chini. Mnaona huu mpira wa mguu wa kulia? Bado una mistari. Angalia wa kushoto, umelainika kama kipande cha sabuni. Juzi ngazi iko kwenye sakafu ya vigae, mimi niko kidato chake cha tatu, nikasikia mguu wa ngazi unateleza, nikashuka moyo unadunda, na kusema ukweli nilikuwa siiangalii, naipakia tu kwenye gari naenda. Kuubadilisha mpira ni kufungua bolti mbili tu, lakini miezi 6 mpira kuisha hivi ni mapema mno, hapo watengenezaji wamenikera.

Ubavuni kuna mchoro wa jinsi ya kuiegemeza ngazi, wengi hatuuangalii. Kwa kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi usogee futi 1 kutoka ukutani. Huna futi kamba? Gusisha vidole vya miguu kwenye miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele, viganja vikifika kidato cha usawa wa mabega bila kuinama basi imekaa sawa. Kama unapanda hadi kwenye paa iache ipite ukingo wa paa futi 3 upate pa kushika, na zile ndoano zote mbili zinazoshikilia kipande cha juu ziangalie kwa macho kama zimeshika kidato, usitegemee ule mlio tu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila na mipira ya akiba siku hiyohiyo. Wewe wa kwako igeuze sasa hivi, niandikie hapo chini mguu upi umelika zaidi.