Tulivyoiangalia filamu ya Jane na bibi wa Mwamgongo

Nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, Jumamosi usiku ni wa muvi, na kila wiki anachagua mwingine. Zamu yangu ilipofika nikawaletea Jane, ile ya mwaka 2017 ya Brett Morgen, inayomhusu Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, na sokwe wa hifadhi ya Gombe. Watoto wakanuna. "Baba, hiyo si ya shule?" Walitaka ngumi.

Kwanza flashi. Kibanda nilikowekewa filamu kilinipa nakala ambayo sauti inatangulia picha. Waliibadilisha bila ubishi, ila Jumamosi moja ilishapotea. Jaribuni kabla hamjaondoka.

Picha ndizo zilizowanyamazisha. Nyingi alizipiga Hugo van Lawick, aliyefika Gombe 1962, zikalala ghalani miaka na miaka, zaidi ya saa 100 za mkanda. Ziwa ni lile lile tunaloliona tukishuka Kibirizi kununua dagaa. Sokwe alipochomeka kijiti kwenye kichuguu, akakitoa kimejaa mchwa na kukipitisha mdomoni taratibu kama mtoto anayelamba mwiko, mwanangu mdogo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Tulirudisha nyuma mara tatu.

Mama watoto alinasa jambo jingine. Utawala wa Mwingereza ulikataa binti wa miaka 26 akae porini peke yake, ndipo mama yake, Vanne, akaja naye Julai 1960. "Mmeona? Hata yeye alisindikizwa na mama," akawaambia mabinti zake. Lakini ilipofika sehemu ya Grub, mtoto wa Jane, kuwekwa ndani ya kizimba ili sokwe wasimdhuru, akageuka: "Mimi ningerudi kwetu siku hiyo hiyo."

Aliyenitoa jasho ni mama yangu. Kazaliwa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Gombe kwa kaskazini, na Kiingereza hajui. Dakika 90 nilikuwa mkalimani. Muziki wa Philip Glass ukipanda, nami napanda, hadi koo likakauka. Kusingekuwa na bibi, labda nisingeona kasoro yoyote. Nilipomweleza kwamba Vanne alikuwa akiwapa wavuvi dawa, akakaa vizuri kwenye mkeka.

"Sasa hao wavuvi wanaongea saa ngapi?"

"Mama, anayesimulia ni Jane mwenyewe."

Akasubiri hivyo hivyo hadi mwisho. Flo, sokwe mama, alipokufa na mwanawe Flint akasusa kula mpaka naye akafa, bibi alifuta macho kwa ncha ya kanga, lakini swali lake hakulisahau. Na ana haki. Sokwe tumewajua kwa majina, wavuvi hata sauti hatukuisikia.

Mwenye watoto wadogo aipitishe haraka sehemu ya polio ya 1966. Sokwe wanajiburuta kwa mikono, na mmoja inabidi apigwe risasi. Wangu mdogo alilala kwetu usiku ule. Mengineyo naisifu, hasa kwa mtu wa huku ambaye Gombe anaisikia tu watalii wakiulizia boti.

Flashi nimeitunza. Zamu ya mama yangu ni wiki ijayo, na keshasema atachagua hiyo hiyo, ila sauti tuizime, asimulie yeye.