Kuwatafutia wateja kijenzi cha tovuti: vinne nimejaribu, kimoja nimebaki nacho

Nina kampuni ndogo ya kupangisha tovuti. Seva zipo, paneli ipo, wateja wanalipa. Kilichokuwa kinaniumiza kichwa ni mteja wa aina moja: ananunua kikoa (jina la tovuti) na nafasi, anaingia kwenye cPanel, paneli ya kusimamia akaunti yake, anakutana na aikoni zimejaa skrini nzima, anatoka kimyakimya. Mwaka unakatika hajaweka hata ukurasa mmoja, na siku ya kulipia tena anajiuliza analipia nini. Ana haki. Huyo ndiye niliyekuwa namtafutia kijenzi cha tovuti, mtu anayetaka kuburuta picha, kuandika maneno yake, kubofya "Chapisha", basi.

Najua kuna atakayeuliza WordPress, mfumo maarufu wa kujengea tovuti, ina ubaya gani. Haina. Zaidi ya tovuti nne katika kila kumi zinaendeshwa nayo, nami naiuza kila siku. Ila WordPress inataka mlezi. Mtu wa kurasa tano anaisimika leo, anaisahau miezi minane bila kusasisha programu-jalizi (vipande vya nyongeza) hata moja, akirudi anakuta tovuti yake imedukuliwa, inatangaza vidonge asivyovijua. Na tiketi, yaani ombi la msaada, haiendi kwa aliyeandika programu-jalizi. Inakuja kwangu.

Basi nikajaribu vijenzi vinne, kila kimoja kwa miezi kadhaa na wateja wa kweli. Vitatu vilivyonishinda sitavitaja majina. Hubadilika kila toleo jipya, na sitafuti ugomvi na mtu.

Cha kwanza kilininasa kwa violezo, yaani miundo ya kurasa iliyo tayari. Vilikuwa vizuri mno, na nembo ya mtengenezaji ilivuliwa yote ikavikwa yangu, hadi nikajiona kampuni kubwa. Kumbe tovuti zenyewe zinakaa kwenye wingu la mtengenezaji, yaani seva zake, si zangu. Yaani mimi mpangishaji nauza nafasi, halafu nafasi inabaki tupu. Hilo ningelivumilia. Lililonitoa jasho ni mwongozo wake wa kuunganisha kikoa, uliomwambia mteja abadilishe seva za majina, zile zinazotunza maelekezo yote ya kikoa. Mteja mmoja akaufuata neno kwa neno. Tovuti ikawaka, akanitumia hadi ujumbe wa kushukuru. Kesho yake hajapata barua pepe hata moja, kesho kutwa vilevile. Masanduku yake ya barua yalikuwa kwangu, na rekodi za MX zilizokuwa zikielekeza barua kwangu zilikuwa kwenye DNS yangu, yaani maelekezo hayo ya kikoa, ambayo alishaiacha. Kilichotakiwa ni kubadilisha rekodi ya A peke yake, inayoelekeza tovuti, mstari mmoja. Nilipozirudisha seva za majina, barua za siku hizo mbili baadhi zilikuwa zimekwisha kurudi kwa waliozituma, nyingine hazikuonekana tena. Shukrani ikageuka kitu kingine.

Halafu kuna kero ndogo ambayo huwezi kuiona kwenye ukurasa wa matangazo. Paneli yangu huomba na kuhuisha yenyewe vyeti vya SSL, vinavyolinda mawasiliano ya tovuti, na cheti cha Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, kimezoeleka kudumu siku 90. Ili kitolewe, kikoa lazima kielekee kwenye seva yangu. Vikoa vya wateja wa kijenzi kile vilielekea kwingine, hivyo kila usiku paneli ilijaribu, ikashindwa, ikamtumia mteja onyo. Mteja anaona neno "cheti" na neno "imeshindwa" katika barua moja, anapiga simu. Nilizima maonyo hayo kikoa kimoja kimoja, kwa mkono.

Cha pili sikukaa nacho sana. Leseni yake ilihesabiwa kwa kila tovuti iliyofunguliwa, hata ya kujaribu. Mteja anafungua moja, haipendi rangi yake, anafungua ya pili, anaondoka. Moduli ya kukiunganisha na mfumo wangu wa ankara ilijua kufungua akaunti lakini haikujua kuifuta mteja anapojiondoa. Baada ya miezi minne nikagundua karibu theluthi moja ya ninazolipia hazina mwenyewe. Nilikuwa nalipia makaburi. Kama unapima kijenzi chochote, kabla ya kuangalia kiolezo fungua akaunti ya majaribio, isimamishe, irudishe, kisha ifute, ukitazama upande wa mtengenezaji hesabu ya leseni inasemaje. Ni kazi ya dakika kumi.

Cha tatu ndicho kilichonifundisha zaidi, na nilikipenda. Kilikuwa kinachapisha kwa FTP, njia ya kuhamisha faili, moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja, leseni yake ni ya seva nzima, na kilikuwa chepesi. Nikakiweka kwa wateja wote wapya. Baada ya muda mpiga picha mmoja akaniandikia kwamba tovuti yake inatembelewa, takwimu anaziona, lakini hakuna anayemwandikia. Nikamjibu kama tunavyojibu wote: pengine bado mapema. Akaandika tena baada ya wiki mbili, safari hii kwa ukali. Dada yake alikuwa amejaza fomu ya mawasiliano akiwa ameketi pembeni yake, wameona "Asante, ujumbe wako umetumwa", na hakuna kilichofika.

Nikajaza fomu mwenyewe kwa anwani ya Gmail. Ujumbe ukaangukia kwenye taka. Nikajaza tena kwa anwani ya Yahoo. Kimya kabisa. Nikafungua kumbukumbu za barua za seva, nikatafuta saa na dakika ile, na jibu likawa pale: barua imekataliwa na seva ya huko mpiga picha anakopokea barua zake. Fomu ilikuwa inatuma ujumbe huku mstari wa mtumaji ukibeba anwani ya yule aliyejaza. Seva yangu ilikuwa inajitambulisha kuwa Yahoo. Na Yahoo, tangu 2014, imetangaza kupitia DMARC, utaratibu wa kuzuia barua za kughushi, kwamba barua inayodai kutoka kwake bila kuthibitishika ikataliwe. Kwa hiyo kila mteja wa mpiga picha mwenye anwani ya Yahoo alikuwa anabisha mlango uliopigwa misumari, huku ameambiwa asante.

Dawa yake inajulikana: mtumaji awe anwani ya kikoa cha tovuti yenyewe, na anwani ya aliyejaza ikae kwenye sehemu ya kujibu. Nikawaandikia watengenezaji nikiwa nimeambatisha kumbukumbu. Wakajibu kwamba hilo ni suala la mpangishaji. Nikaeleza tena, kwa mchoro. Tiketi ile ilikaa wazi wiki sita, ikafungwa yenyewe kwa sababu "haikuwa na shughuli". Wakati huohuo nilikuwa na wateja wengi wenye fomu za aina ileile, na sikuwa na namna ya kujua wangapi walikuwa wamepoteza kazi bila kujua. Mpiga picha nilimrudishia hela ya mwaka mzima. Hakubaki.

Tangu hapo violezo siviangalii tena. Mteja anaviangalia siku ya kwanza, mimi naishi na vilivyobaki. Nina jaribio langu: namkabidhi simu mtu asiyejua lolote kuhusu tovuti, namwambia abadilishe namba iliyo chini ya ukurasa kisha achapishe, nami nanyamaza. Kile cha kwanza, pamoja na uzuri wake wote, mtu aliishia kufuta kichwa cha ukurasa na hakuona pa kutengua. Kuhusu akili bandia inayojenga tovuti nzima kwa sentensi moja, sina neno baya, ila bado sijaona mteja aliyeacha maneno yake yalivyo. Wote hurudi kuandika upya, na hapo ndipo ubora au ubovu wa kihariri hujulikana.

Kilichobaki ni SitePad, ya watengenezaji wa Softaculous. Sikuanza nayo kwa sababu sura yake haikunivutia kama ile ya wingu, na hilo ni kosa langu. Inafanya kazi na paneli za cPanel, Plesk na DirectAdmin, jambo lililonisaidia kwa kuwa seva zangu ni mchanganyiko na nilitaka mteja aone kitu kilekile popote alipo. Kwa mwenye cPanel au Plesk peke yake ningesema aiangalie kwanza Sitejet, kijenzi kingine, maana paneli hizo mbili na Sitejet ziko chini ya kampuni moja, WebPros, na kuiwasha si kazi.

Sababu yangu hasa ni kwamba mteja akichapisha, zinazotua kwenye folda yake ni kurasa za kawaida za HTML na PHP. Nilitengeneza tovuti ya kurasa tano, nikaichapisha, nikafunga faili zilizochapishwa katika kifurushi kimoja cha zip, nikazifungua kwenye seva nyingine kabisa isiyo na SitePad. Kurasa zikafunguka zote. Maana yake nakala rudufu ninazochukua kila usiku zinaibeba tovuti ya mteja, na akitaka kuhama ninampa faili zake akaenda zake. Fomu niliijaribu kwa anwani ya Gmail na ya Yahoo kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, nikasoma kumbukumbu za barua mstari kwa mstari. Mfanyakazi wangu alicheka. Yeye hakuwepo enzi za mpiga picha.

Vyeti vya SSL sasa vinajihuisha bila mimi kujua. Mteja anayetaka duka kubwa au eneo la wanachama nampeleka WordPress tangu mwanzo, na namweleza wazi kwamba huko atahitaji mtu wa kuitunza, awe mimi au mwingine. Wengi wakisikia hivyo wanasema kurasa tano zinatosha.

Malalamiko hayajaisha. Mtu anachukua picha kutoka kwenye simu, ina megabaiti tano, anaipakia ilivyo. Anaweka nyingine nne chini yake. Google inataka kitu kikubwa kinachoonekana kwenye ukurasa kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, cha kwake kinatokea baada ya kumi, kisha ananiandikia kwamba seva yangu ni nzito. Nimeweka maelekezo kwenye barua ya kumkaribisha, nimeweka juu ya kitufe cha kupakia, nimerekodi hadi video. Jana zimeingia tiketi tatu za aina hiyo. Nilishusha picha zao, nikazipunguza, nikazipakia upya mwenyewe.